Daktari wa Usingizi na Uji wa Mwere

Watu wa Maua wanajulikana kwa kukesha. Miraa yao ndiyo inayowaweka macho madereva na walinzi wa nchi nzima, na pikapu zinazoitoa huko kwao hukimbia kana kwamba barabara iko karibu kufungwa. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia kwamba kuna mwanamume wa Maua ambaye kazi yake ni kulaza watu, anacheka kwanza. Mimi nilicheka. Mume wangu, ambaye analima muguka, majani ya kutafuna ya huku kwetu, hapa Gachoka na haipendi miraa hata kidogo, alisema huyo lazima alifukuzwa na ukoo wake kwa kuharibu biashara.

Wodini tulimwita Daktari wa Usingizi. Jina lake nililijua, maana lilikuwa kwenye kibati kifuani, lakini sikuwahi kulitumia na sitalitumia hapa. Baba yake alikuwa nani, alisomea wapi, alioa lini, hayo hayakuwa yangu. Nilimjua kwa jambo moja: kila mara mwanangu alipopasuliwa, yeye ndiye aliyemlaza na yeye ndiye aliyemwamsha. Mtu akishakufanyia hivyo, huhitaji kuuliza habari za babu yake.

Mwanangu ni Wawira. Alizaliwa na utumbo ambao kipande chake cha mwisho hakina neva za kusukuma. Chakula kinashuka vizuri mpaka hapo, kisha kinasimama, na tumbo linavimba na kuwa gumu. Miezi ya kwanza niliambiwa ni gesi, nikaambiwa ni maziwa yangu, jirani mmoja akaniambia ni jicho la mtu. Tulipofika hospitali kubwa mjini ndipo tulipoelezwa. Angefunguliwa kwanza njia ya choo ubavuni, baadaye kile kipande kibovu kingekatwa na utumbo mzuri uvutwe chini, halafu ile njia ya ubavuni ifungwe. Na hata baada ya hayo yote, wakasema, tumbo lake linaweza kubaki la pole maisha yake yote. Nilihesabu ni mara ngapi atalazwa kwa dawa ya nusukaputi nikaacha kuhesabu.

Sisi wazazi tulikuwa tukiogopa kisu. Daktari wa Usingizi ndiye aliyetufundisha kitu cha kuogopa. Alikuwa akikaa kwenye kitanda cha mtoto, jambo ambalo masista walikataza, na kueleza kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia.

"Mtu akilala kawaida, koo lake liko macho. Akitapika, anakohoa, anaamka. Ukimlaza na dawa yangu, koo nalo limelala. Kilichoko tumboni kikipanda, kinaingia kwa mapafu na hakuna wa kukizuia. Mtoto mwingine nikimwambia asile, tumbo linakuwa tupu baada ya saa kadhaa. Huyu wenu, chakula chake kinatembea kama mzee anaenda kanisani. Mnaelewa?"

Tukasema tumeelewa. Hakutuamini. Hakumwamini mtu yeyote aliyesema ameelewa.

Kipimo chake cha vinywaji kilikuwa kidole. Alijaza glasi, akaweka kidole cha shahada nyuma yake, akatuuliza kama tunakiona. Maji, kidole kinaonekana: mtoto anaweza kunywa mpaka ule wakati aliotuambia. Chai ya rangi isiyo kali, kinaonekana. Kisha akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye themosi yake mwenyewe, kidole kikapotea. "Hiyo ni chakula," akasema, na baada ya kusema hivyo akainywa yote mbele ya watoto waliokuwa wamefunga. Hilo nililiona la ukatili na nilimwambia. Akasema yeye hapasuliwi leo.

Chai ya maziwa ilikuwa udhaifu wake. Themosi ile, ya bluu, yenye mpini uliofungwa kwa waya, ilizunguka naye kila mahali isipokuwa tieta, chumba cha upasuaji. Alikuwa akisema mambo makali kuhusu watu wasioweza kujizuia, hasa wanaume wanaotafuna muguka wakisubiri wake zao, na huku mkono wake unafungua kifuniko. Mume wangu alimwonyesha jambo hilo siku moja. Akajibu, "Yako inakukesheza, yangu inanituliza," akajimiminia kikombe kingine.

Kitu ambacho kila mama alikumbuka juu yake ni pua. Hakuanza na faili. Alipofika kwa mtoto wa kupasuliwa aliinama mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na wa mtoto, akasema, "Nipulizie." Mtoto akipuliza, yeye ananusa. Wengine walicheka, wengine walilia, mmoja alimng'ata. Akina mama wageni walishtuka, wakadhani ni mambo ya uganga. Mimi nilikuwa mkongwe wa wodi ile, kwa hiyo nilikuwa nikiwaambia watulie, huyo ndiye pasi ya kuingilia, asiponusa hampiti.

Baada ya kunusa aliuliza swali lake, na halikuwa lile ambalo wengine huuliza. Wengine huuliza, "Mtoto amekula?" na mama hujibu, "Hapana." Yeye aliuliza, "Nani alimwona huyu mtoto mwisho na kikombe?" Swali hilo lina maana kwamba kikombe kipo, kilichobaki ni kumtaja mtu. Nilimwuliza kwa nini analiuliza hivyo. Akasema watu hawamdanganyi kwa ubaya, wanamdanganya kwa mapenzi, na uongo wa mapenzi hautoki ukiuvuta.

Pua ile ilikosea pia, lazima niseme. Kuna mtoto wa Ishiara aliyemwahirisha kwa sababu alinusa kitu kitamu, na mama yake akaapa kwa kila kitu kilichoko mbinguni. Ilikuja kujulikana kwamba ni dawa ya kifua ambayo sista mwenyewe alikuwa amempa. Mama yule alilia sana, maana alikuwa amekuja mara ya pili. Daktari wa Usingizi alisimama katikati ya wodi, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo kila kitanda kilisikia. Asubuhi iliyofuata alikuja, akainama, akamnusa mtoto yuleyule kana kwamba jana haikuwapo.

Yeye na daktari mpasuaji walikuwa wakigombana kama mume na mke waliozoeana. Mpasuaji alikuwa kijana mwembamba, mikono mizuri, daima ana haraka, na alikuwa na haki ya kuwa na haraka, kwa sababu watoto waliomsubiri walijaa mpaka kwenye korido. Niliwasikia siku moja mlangoni.

"Mzee, leo nina orodha imejaa. Huyu mtoto amefunga tangu jana."

"Tumbo lake halijui jana."

"Kwa hivyo tunangoja nini?"

"Nimpitishie mpira kwa pua, nitoe kilichobaki. Na nione chumvi za damu yake, maana huyu anaharisha tangu Jumapili. Wewe kunywa chai."

"Mimi sinywi chai yako."

"Ndio maana una hasira."

Mpasuaji akaenda akakaa. Na mpira ulipopita, kilitoka kitu cha kijani kingi mpaka sista akaenda kuleta beseni la pili. Mpasuaji hakuona aibu wala hakuhitaji kuona, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Nilikuja kusikia kwamba wakati mtoto wake mwenyewe alipohitaji kushonwa mdomo, alimtafuta mzee huyohuyo amlaze.

Kulikuwa na gesi moja ya usingizi ambayo wenzake waliitumia kwa watoto wengi, na yeye pia, lakini mtoto wa tumbo la kuvimba hakumpa hata kwa kubembelezwa. Alisema inaingia kwenye utumbo uliofungika na kuujaza kama mpira wa miguu. Na kulikuwa na pampu. Mashine kubwa ya kufyonza matapishi ilikuwa ya stima, ya kuchomekwa ukutani, mpya, inang'aa. Yeye alikuwa na nyingine ya kukanyaga kwa mguu, nzee, ya kijani, ambayo masista walikuwa wameshaitupa na akaenda akaiokota. Hakuanza mpaka amezijaribu zote mbili. Ile ya mguu ilisikika mpaka nje, kru, kru, kru, na sisi tuliokaa kwenye benchi tulijua kwamba sasa mtoto wa mtu analazwa. Mpaka leo sauti ya mtu akijaza upepo baiskeli hunikausha mdomo.

Siku hizo sista mmoja aliyeokoka alikuwa akiomba kabla ya kila upasuaji. Daktari wa Usingizi alifumba macho kama wengine, akasema amina kama wengine, halafu akasema, "Sasa tujaribu stima." Watu walimwona hana imani. Lakini kila Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele, na nimethibitisha kwa macho yangu mara tuliyosali huko kwamba alilala mahubiri yote, mdomo wazi, na mke wake akimpiga kiwiko.

Sasa nifike kwa Cucu.

Cucu, yaani nyanya yake Wawira, ni mama mkwe wangu. Hapa kwetu Mbeere kila nyumba ina namna yake ya kumsindikiza mtu, na ya Cucu ni uji. Hakuna mtu anayetoka kwake kwenda kwenye jambo gumu bila kunywa uji wa mwere, yaani uwele, aliotwanga yeye mwenyewe, kutoka mkononi mwake, yeye akiwa amesimama anamwangalia mpaka tone la mwisho. Mume wangu hakuwahi kwenda kufanya mtihani bila huo uji. Binti zake waliunywa wakiwa tayari wamevaa nguo za harusi, na mmoja aliumwaga kifuani akaolewa na doa. Cucu haoni kama ni chakula wala dawa. Ni kusema kwamba una mtu.

Siku iliyowekwa ilikuwa ya ule upasuaji mkubwa, wa kukata kipande kibovu. Wawira alikuwa ameanza kusema vizuri na kuuliza kwa nini choo chake kinatoka ubavuni na cha wengine hapana. Tulikuwa tumeisubiri siku hiyo mpaka mimi, fundi wa cherehani, nikashona sare za shule za mihula mitatu nikiiwaza. Cucu alikuja asubuhi, na chupa ya uji chini ya leso. Mimi nilikuwa nimeenda kuoga. Niliporudi, Wawira alikuwa amekaa wima kitandani, ametulia kupita kawaida, na Cucu anamrekebisha kola.

Daktari wa Usingizi akaja, akainama. "Nipulizie." Wawira akapuliza kidogo. "Tena." Akapuliza. Yule mzee hakuinuka haraka. Kisha akavuta benchi, akaketi, na hakukaa karibu na mtoto wala karibu nami. Alikaa karibu na Cucu.

"Muga, Cucu."

Cucu akaitikia. Kimeru na Kimbeere si mbali, kila mmoja akisema polepole wanaelewana, na pale walipokwama waliingiza Kiswahili.

"Mwere umefanya aje msimu huu huko Gachoka?"

"Umefanya. Ni ndege tu. Ndege wa mwaka huu ni wa kulaaniwa."

"Mnawafukuza na nini?"

"Na mimi mwenyewe. Watoto wa siku hizi ukiwapeleka shambani wanalala."

"Na ukivuna, unapeleka kwa posho mill ukasagwe?"

"Ai, hapana! Natwanga. Ile ya mashine haina ladha."

"Uji wake basi ni mzito."

"Mzito sana," Cucu akasema, na uso wake ukachangamka, maana alikuwa ameulizwa kitu anachokijua. "Huo ukiunywa asubuhi, unakushika tumbo mpaka jioni."

Daktari wa Usingizi aliinamisha kichwa. Alitazama mikono yake. Nilimwona Cucu akisikia maneno yake mwenyewe, na uchangamfu ukamtoka polepole.

"Nilimpa kidogo, mwanangu," akasema. "Kama funda mbili. Singeacha mtoto aende kwa watu wa visu na hana kitu yangu ndani."

"Cucu, hakuna funda mbili. Kuna tumbo tupu na tumbo lenye kitu."

Akainuka, akaenda kumwambia mpasuaji kwamba Wawira ametoka kwenye orodha.

Nililia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimkasirikia Cucu, nikamkasirikia mzee wa watu, nikakasirikia mwere wote uliowahi kuota. Mtoto wangu angerudi nyumbani na mfuko wake ubavuni, na siku nyingine haijulikani ni lini. Mpasuaji alipita akatikisa kichwa, akaita mtoto mwingine. Cucu alikuwa amejifunika leso mpaka machoni.

Daktari wa Usingizi alirudi. Nilidhani anakuja kutugombeza na nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Akaketi tena pale pale karibu na Cucu, akamweleza kwa sauti ya chini habari ya mtoto mwingine, zamani, alipokuwa anaanza kazi. Mtoto wa tumbo kama la Wawira. Alimwuliza mama, mama akasema hajala, na mama alikuwa akisema kweli kwa kadiri alivyojua. Shangazi ndiye aliyekuwa amempa maziwa. "Yule hakuamka," akasema. Nilielewa pua ilianzia wapi.

Kisha akamwambia Cucu maneno ambayo mimi nisingeyafikiria. "Siku ile ingine, wewe ndio askari. Utakaa hapa kwa kitanda. Mtu yeyote akileta kitu kwa mdomo wa huyu mtoto, hata kama ni mimi, mfukuze kama ndege."

Cucu akafunua leso. "Na uji?"

"Uji kuja nao. Ufunge. Atakunywa siku nitakayokwambia."

Siku hiyo ilipokuja, Cucu alifika na fimbo. Alikaa kando ya kitanda, chupa ya uji miguuni, kifuniko kimekazwa na juu yake amefunga kitambaa. Alimfukuza mhubiri aliyekuja na biskuti. Alimfukuza mwanamke wa kitanda cha pili ambaye alikuwa anapita tu kwenda msalani na ndizi mkononi. Alimzuia sista mwenye kipimajoto mpaka Daktari wa Usingizi alipokuja kutoa ruhusa, na hata yeye alimtazama mikono kwanza. Wawira alipompulizia, mzee akasema, "Hii ni harufu ya njaa. Nzuri kabisa." Akambeba mwenyewe, hakumweka kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa akiwabeba wote wadogo, akiwaimbia kitu cha Kimeru kwa sauti mbaya sana.

Kutoka kwenye benchi tukasikia pampu, kru, kru. Halafu kimya. Katikati ya kimya hicho stima ikapotea korido nzima, na kabla jenereta haijanguruma tukasikia tena, kru, kru, bila haraka. Niliushika mkono wa Cucu nikaubana mpaka pete yake ikaniumiza. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyoipenda pampu ile.

Baadaye sana mlango ulifunguka. Alikuwa na neno moja tu la kutoka nalo mlangoni, na alilitumia kwa kila mtoto. Hakusema amepona, maana hiyo haikuwa kazi yake. Hakusema imeenda vizuri. Alivua barakoa, akamtafuta mama kwa macho, akasema, "Ameamka."

Nikakaa chini sakafuni. Cucu ndiye aliyemjibu, akamwuliza kuhusu uji. Akasema bado. Ilibidi Cucu aupike upya mara kadhaa, kila siku anakuja nao umefungwa, kila siku anarudi nao, mpaka tumbo la Wawira lilipoanza kunguruma vizuri na ruhusa ikatoka ya kijiko kimoja. Yeye mwenyewe alikuja kutazama kijiko hicho kikiingia. Cucu alisimama kama anavyosimama nyumbani. Wawira akameza, akasema ni baridi.

Tuliendelea kuonana naye miaka mingi, kwa upasuaji wa kufunga ubavu, kwa matatizo mengine ya tumbo lile la pole, ambalo lilibaki la pole kama tulivyoambiwa. Wawira alipokua akawa anajibu maswali mwenyewe. Kabla mzee hajamwuliza alikuwa akisema, "Aliyeniona mwisho na kikombe ni mama, ilikuwa maji, na nilikiona kidole." Mzee akamwambia atakapokuwa mkubwa na kulazwa na mtu asiyemjua, asingoje kuulizwa. Aseme: tumbo langu linachelewa, msinipime kama wengine. Alimfanya ayarudie maneno hayo mpaka nikachoka kusikia.

Kisha akastaafu. Sherehe ya kumuaga sikuwapo, ila nilisikia kwamba aliondoka na pampu ya kijani chini ya kwapa na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Tulikuja kumwona tena muhula uliopita. Wawira sasa yuko sekondari, mrefu kunizidi, mkali wa maneno kama mimi. Tulikuwa tumekwenda kliniki yake, na sista mmoja wa zamani akatuambia, "Mzee wenu yuko hapa. Amelazwa. Ana mawe kwenye nyongo, anapasuliwa leo."

Tulimkuta amevaa lile gauni la hospitali la kufungwa mgongoni, amekonda, nywele nyeupe zote. Ana ugonjwa wa sukari siku hizi. Kando yake alikuwa dada yake mkubwa kutoka Maua, mama mzee sana, kapu mapajani. Daktari wa usingizi wa sasa alikuwa msichana aliyefundishwa na yeye mwenyewe. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, amefunga mikono kwa heshima.

"Mwalimu, hujakula kitu?"

"Sijakula."

"Asante, Mwalimu." Akaandika. Hakuinama. Nani angeinama kumnusa mdomo mzee kama yule, mwalimu wake, mbele ya dada yake? Hata mimi nisingethubutu. Msichana akatuaga, akasema wanakuja kumchukua muda si mrefu.

Wawira alikuwa amesimama upande wa pili. Alimwamkia mzee, akampa mkono. Halafu akainama mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na wa yule mzee, akasema, "Nipulizie."

Niliona haya mpaka masikioni. "Wawira!"

"Wacha mchezo, wewe," mzee akasema.

"Nipulizie, Daktari."

Alimtazama. Kisha akapuliza, kidogo sana, kama watoto wanavyofanya. Wawira hakuinuka haraka. Alipoinuka alilitazama kapu la yule dada.

"Nani alikuona mwisho na kikombe?"

Yule dada alikuwa hajui Kiswahili vizuri, lakini alikuwa ameelewa macho, akalivuta kapu karibu. Ndani yake nikaona mpini uliofungwa kwa waya.

"Funda mbili," mzee akasema. "Ametoka Maua na hiyo chai. Amenilea huyu. Ningemwambia nini?"

"Na una sukari," Wawira akasema. "Tumbo la mtu wa sukari si linachelewa pia? Ni wewe uliniambia."

"Usiende kusema. Nimengoja hii siku sana."

"Hakuna funda mbili," mwanangu akamwambia, na akaenda kusema.

Nilibaki na yule mzee. Nilitarajia akasirike, kwa sababu alikuwa mtu wa kukasirika. Aliukodolea macho mlango aliopitia Wawira. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyafuta. Msichana wa usingizi alirudi karibu anakimbia, akasimama, akamtazama mwalimu wake, na mwalimu wake akainua kidevu na kumpulizia bila kuambiwa. Wakamwondoa kwenye orodha ya siku hiyo.

Alipopangiwa siku nyingine, shule zilikuwa zimefungwa. Cucu hawezi tena safari, miguu imekataa, lakini alitwanga mwere akiwa ameketi na akatuma uji kwenye chupa, kifuniko kimekazwa na kitambaa juu. Wawira aliketi kando ya kitanda tangu asubuhi. Dada wa Maua alikuja na kapu lake, akazuiwa, wakaketi wote wawili wakitazamana kwa adabu. Mzee aliutazama uji.

"Huo ni wa nani?"

"Wako," Wawira akasema. "Utakunywa siku nitakayokwambia."

Walipomchukua, tulikaa kwenye benchi lilelile. Siku hizi hakuna pampu ya kusikika nje, au hatukuisikia. Nilishona pindo la sketi ya mteja, nikalishona vibaya, nikalifumua. Wawira hakukaa. Msichana wa usingizi alipofungua mlango alivua barakoa, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema lile neno moja. Yule dada akaanza kulia kwa Kimeru.

Wawira alienda dirishani na simu yangu. Kwetu Gachoka mtandao ni wa shida, ikabidi apige kelele korido nzima ikasikia.

"Cucu! Ameamka!"

Akasikiliza kidogo.

"Hapana, Cucu. Uji bado. Nimeushika mimi."